Samahani kwa Ng'ombe

Kutoka Lushoto hadi Kerende nilitumia siku kumi na tano. Safari yenyewe ilikuwa siku nne tu. Zilizobaki zilikuwa za kusubiri. Nilishuka milimani hadi Mombo juu ya gari la mbao, nikapanda basi la Arusha, na pale Arusha nikalala stendi siku tatu hadi nilipompata dereva wa lori la chumvi aliyekuwa anakwenda Mugumu kwa kukatiza mbuga ya Serengeti. Juu ya magunia tulikuwa sita. Wote tulikuwa tunaifuata dhahabu ya Nyamongo, lakini hakuna aliyekubali. Kila mmoja alisema anakwenda kumsalimia ndugu. Katikati ya mbuga tairi likapasuka. Dereva na utingo wake walilibadilisha huku wakigeuza shingo kila dakika, sisi tukiwa tumekatazwa kushuka, na katika yale masaa mawili ya kutazama nyumbu wakipita, midomo ikiwa imekauka kwa chumvi, ndugu wetu wote wa kusalimiwa walikwisha mmoja baada ya mwingine.

"Mimi sina ndugu huko," alisema jirani yangu. "Nimeuza baiskeli nipate nauli."

Tukacheka, tukaanza kusimuliana ukweli.

Mugumu nilikaa zaidi ya wiki, pale Morotonga, nikimpalilia mkulima mmoja mtama wake kwa chakula na mahali pa kulala. Kisha nikavuka Mto Mara kwa mtumbwi uliokuwa unavuja, nikatembea hadi Kerende, kijiji kimoja cha Nyamongo. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyeokota jiwe. Nilikuwa na miaka ishirini, na cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Siku ya kwanza nilitishika. Wanaume wawili walikuwa wamesimama njiani wakipigiana kelele, mikono hewani, mmoja ameshika panga. Nikajibanza ukutani mwa duka. Kumbe walikuwa wanasalimiana, na yule wa panga alikuwa anatoka kukata kuni. Mimi nimekulia Usambaani, ambako mtu akitaka kukuambia nguo yako inaungua ataanza na habari za shangazi yako. Kerende neno lilitoka kama lilivyo. "Wewe mura, mbona umekonda hivyo? Unaumwa?" Mura kwa Kikurya ni kijana wa kiume, na ndivyo walivyoitana wakipendana na ndivyo walivyoitana wakigombana. Ilinichukua miezi kusikia tofauti.

Nilikaa kwa mama mmoja mjane, mkulima wa mihogo na mtama, ambaye binti yake alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Chumba changu kilikuwa karibu na zizi. Mama alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti na kusema mara moja tu. Nilipomshukuru kwa chakula kwa maneno yangu marefu ya kwetu, alinitazama akasema, "Kiswahili chako kina sukari nyingi, Msambaa. Kula."

Kazi yangu ilikuwa duarani, yaani shimoni, kwa sururu na karai. Mwezi wa nane ukuta wa duara letu ulishuka ukanifunika hadi kifuani. Walinitoa mzima. Siku tatu baadaye nilirudi chini, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, lakini tangu siku hiyo kila nilipoteremka nilijisikia kama mtu anayeshika pumzi ndani ya maji. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji alipokuja kuuliza nani anajua Kiingereza, nilikimbilia kile cheti.

Alikuwa ameongozana na kijana wa rika langu, mrefu, mweusi kama sisi, amejitanda blanketi zito mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, ila kwao ni Lesotho. Dar alikuwa amekaa miezi mitatu tu, bwenini na wageni wenzake, na Kiswahili chake kilikuwa "habari" na "asante." Chuo kilikuwa kimemtuma akae miezi sita achukue maji ya visima na vijito ndani ya vichupa, aandike jinsi yanavyobadilika kutoka masika hadi kiangazi. Kama asingeimaliza miezi yote sita, aliniambia, mwaka wake wa masomo ungepotea na asingepewa mwingine; angerudi kwao akachunge. Alilisema hilo mara moja tu. Sikulisahau.

Nilimpeleka kwa mama, akapewa chumba cha pili.

"Wa wapi huyu?" mama aliuliza.

"Lesotho, mama."

"Ndiyo wapi?"

"Ni nchi ndogo, imezungukwa na Afrika Kusini pande zote."

"Basi ni Sauzi."

Nilipomtafsiria, kijana aling'aka. "Mwambie Lesotho si Sauzi!"

Mama akamtazama upya, kutoka blanketi hadi viatu. "Amekasirika? Vizuri. Huyu tutaelewana naye."

Nimeishi sehemu nyingi tangu wakati ule, Mererani, Mpanda, Tunduru, na nimewaona wageni wengi wakijifunza kukaa na watu. Lakini sijamwona aliyepata tabu kama yule, na sababu ilikuwa sura yake. Mzungu angekosea, watu wangecheka yakaisha. Msotho, kama watu wa Lesotho wanavyoitwa, alifanana na mtu yeyote wa Tarime. Watu walimsemesha Kikurya njiani, na alipokaa kimya wakasema ana maringo, kasoma mpaka amesahau kwao. Nilimfundisha "shikamoo" kwa ajili ya wazee, naye akaona ni heshima nzuri, akaanza kumpa kila mtu. Vijana wa machimboni walimjibu "marahaba" wakiwa wamevimba kama machifu. Watoto walizunguka nyuma ya nyumba wakajitokeza tena mbele yake, wasalimiwe mara ya pili.

Siku ya kwanza alipoletewa ugali wa muhogo na mtama alifurahi sana, akasema kwao nako wanakula hivyo hivyo, ila mweupe, na unaitwa papa.

"Papa?" mama alishangaa. "Yule wa Roma?"

"Kwetu Tanga papa ni samaki," nilisema. "Mkubwa, mwenye meno."

Mama akasukuma sahani mbele yake. "Hapa ni ugali. Haung'ati wala haubatizi. Kula, mura."

Jumapili ndizo zilizomlemea. Alikuwa akikaa kitandani akitazama viatu vyake. Jumapili ya nne mama alimkokota kanisani, na walipoanza wimbo wa pili nilimwona ameinua kichwa. Muziki ulikuwa ule ule wa kwao, maneno tu ndiyo mengine. Akaimba kwa Kisotho, sauti ya chini kabisa, nzito, hadi wanaume wa kwaya wakageuka. Wiki iliyofuata walimwekea nafasi mstari wa nyuma.

Jioni, kabla jua halijazama, tulikaa na daftari lake. Upande mmoja aliandika Kiingereza, upande wa pili nilimtajia Kiswahili. Nilikuwa mwalimu mwenye kujiamini sana. Siku moja akaniuliza, "Sori mnasemaje?"

"Samahani," nilijibu bila kufikiri.

Akaandika. Nami nikaendelea na neno jingine.

Miezi miwili ikapita, na mambo yakawa yanamnyookea. Kisha ng'ombe wa mama akafa.

Alikuwa jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, aliyeletwa na wakwe kwenye mahari ya binti yake. Mama alikuwa akisema akimkamua anamsikia binti yake. Asubuhi alikataa malisho, mchana akalala chini akihema, na kesho yake saa tatu alikuwa amekufa. Watu wakaanza kuingia uani kama kwenye msiba. Kila aliyefika alimshika mama mkono. "Pole, mama." "Pole sana, dada." Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anaitikia kila mmoja kwa sauti ya chini.

Msotho alitoka chumbani, blanketi begani. Yeye mwenyewe alichunga ng'ombe wa babu yake tangu akiwa na miaka sita hadi alipokwenda sekondari. Nadhani katika watu wote pale hakuna aliyeelewa zaidi yake. Alipiga goti, akaushika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Samahani, mama," alisema. "Samahani sana."

Mama akamtazama.

"Samahani ya nini?"

Akajitahidi, akitafuta Kiswahili chake chote.

"Samahani kwa ng'ombe."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Akilini niliona daftari, nikaliona lile neno lilivyoandikwa, na nikajua papo hapo kilichotokea. Kwa Kiingereza alichokulia nacho, sori inatosha yote mawili: ukimkanyaga mtu, na mtu akifiwa. Mimi nilikuwa nimempa nusu moja tu. Ilitosha niseme sentensi moja. Lakini uani palikuwa na watu arobaini, na wote walikuwa wanajua kwamba mimi ndiye msomi, ndiye mkalimani, na kwamba mtendaji alinitoa shimoni kwa sababu ya Kiingereza changu. Nikajiambia litapita lenyewe.

Halikupita. Siku moja kabla ng'ombe hajaugua, Msotho alikuwa ameonekana akichutama na vichupa vyake kwenye kijito alichokuwa akinywea huyo ng'ombe. Kesho yake asubuhi nilipopita sokoni nilisikia, "Amekiri mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza, kakiri." Vijana wakaacha kumwitikia shikamoo zake. Kwaya ikafanya mazoezi bila kumwita. Yeye alidhani ni msiba tu, akaniuliza kama kuna la zaidi analopaswa kufanya, nami nikamwambia hapana. Mama aliniwekea ugali, nami kila mara niliurudisha nikisingizia tumbo.

Siku ya nne wazee walikutana nyumbani kwa shemeji yake mama, mdogo wa marehemu mumewe. Kikao cha namna hiyo wanakiita ritongo, na kikisema mtu aondoke, anaondoka siku hiyo hiyo. Msotho aliitwa aje na vichupa vyake. Njiani nilimweleza kwamba watu wanadhani amewawekea kitu majini. Alisimama ghafla. "Kwa nini wanadhani hivyo?" Nikamwambia tuharakishe.

Shemeji alikuwa mzee mfupi mwenye sauti kubwa.

"Mgeni," alianza, "umeomba msamaha mbele ya watu. Hatukukulazimisha. Sasa tuambie uliweka nini kwenye maji."

Nilitafsiri. Msotho akajibu, nikatafsiri tena. "Anasema haweki kitu. Anachukua tu."

"Kwa hiyo humo ndani ni maji matupu?"

"Maji matupu."

"Basi anywe."

Na hilo pia nililitafsiri, neno kwa neno, kama redio. Msotho alinitazama mimi kwanza, kama anayengoja niongeze kitu. Sikuongeza. Akachagua kichupa kilichoandikwa jina la kijito kile, akafungua, akanywa hadi tone la mwisho. Maji yalikuwa na karibu wiki nzima, na rangi yake haikuwa ya kupendeza. Akapangusa mdomo kwa pindo la blanketi, akachukua cha pili, akaanza kukifungua.

Hapo miguu yangu ilinisimamisha.

"Wazee, shikamooni. Kosa ni langu." Nikaeleza yote: daftari, lile neno moja la Kiingereza, jinsi nilivyompa samahani nikasahau pole. "Alikuwa anampa mama pole. Hakuwa na neno lake. Mimi ndiye sikumpa." Kisha nikaongeza, kwa haraka, "Nimeligundua jana."

Shemeji alisogeza kiti chake karibu.

"Kwa hiyo hao wenye Kiingereza, mtu akikanyagwa na mtu akifiwa ni neno moja?"

"Ndiyo, mzee."

"Maskini." Akatikisa kichwa, halafu akanigeukia. "Na wewe Msambaa, hiyo shule yako ya kidato cha nne ilikuwa na paa?"

Walicheka wote, wakapigana mabega, na nilicheka nao huku masikio yananiwaka. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa upande wa wanawake, mikono magotini.

"Aseme sasa," alisema.

Nilimnong'oneza Msotho neno lenyewe. Akaenda mbele yake, akapiga goti lile lile.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa," mama alijibu. Kisha akamshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto. "Pole ya siku nne! Imeganda kama maziwa. Lakini hapa kwetu maziwa ya kuganda tunakunywa."

Hakuna aliyetamka rasmi kwamba abaki. Shemeji alisimama akaanza kuongea habari za mvua, na hivyo ndivyo wanavyofunga jambo. Wiki iliyofuata bwana mifugo alipita kutoka Tarime, akakuta ndama wa jirani ana ndigana, ugonjwa wa kupe, na wale waliokuwa bado wananong'ona wakaacha.

Kilichofuata kilimfundisha Msotho kuliko daftari langu. Yale maji yalimvuruga tumbo siku mbili mfululizo, na habari ikasambaa. Wakaja. Vijana wa duarani wakaja, kwaya ikaja, wanawake wa sokoni wakaja, shemeji mwenyewe akaja na dawa chungu ya mizizi. Wote walisimama mlangoni wakasema, "Pole," wakakaa kidogo, wakaenda. Alikuwa amejilaza, uso umemshuka, akihesabu.

"Wamekuja zaidi ya hamsini," aliniambia. "Hawakuniuliza kitu. Wamekuja kuniambia tu kwamba wanajua naumwa?"

"Ndiyo hiyo pole."

"Kwetu lipo," alisema, akataja neno la Kisotho ambalo sikulishika. "Sikujua na ninyi mnalo."

Tangu hapo hakuna aliyeshindana naye. Alimpa pole mwanamke mwenye ndoo kichwani, fundi juu ya paa, mwalimu aliyebeba madaftari. Aliuacha ule unyonge wake wa Jumapili. Kwenye harusi moja ya jirani alimfuata bwana harusi akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia, "Pole sana." Wazee waliokuwa wameoa siku nyingi walianguka kwa kicheko, wakasema huyu sasa Kiswahili amekijua. Alimaliza miezi yake sita na siku tisa za ziada. Aliondoka na sanduku la vichupa, na blanketi aliliacha kwa mama, kwenye kigoda chake. Mwaka uliofuata ilikuja barua kwa Kiswahili, yenye makosa mawili tu, kusema amefaulu, na kuwapa watu wote pole na kazi. Mama alinifanya niisome uani mara tatu.

Mimi nilikaa miaka miwili zaidi. Mtendaji aliniweka ofisini kwake niwe naandika barua, na sikurudi tena chini. Lakini maduara yalianza kufungwa, wenzangu wakawa wanahamia kwenye machimbo mengine, na mimi sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Nikiona watu wanafunga mizigo nyayo zinaniwasha. Kisha nyumbani wakaandika kwamba miguu ya baba haimpandishi tena shambani. Nilijua nikiondoka sitarudi.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuaga. Shemeji aliniuliza kama kwetu wameshaezeka ile shule. Mwisho mama akanisindikiza hadi barabarani kungoja gari la Tarime, amejitanda lile blanketi, ingawa jua lilikuwa kali. Tuliliona vumbi la gari likija kwa mbali, na nikajua nimebakiwa na dakika chache.

"Mama, samahani."

"Ya nini tena?"

"Kwenye kile kikao nilisema nimeligundua jana yake. Si kweli. Nilijua pale pale uani, alipofungua mdomo. Nilinyamaza siku nne, nikamwacha akanywa yale maji."

Mama aliendelea kutazama vumbi.

"Najua," alisema.

"Ulijua?"

"Siku nne ulikuwa unarudisha ugali. Mtu asiye na kitu moyoni anakula."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Angefungua kile kichupa cha pili ningesema mimi." Akaweka sawa blanketi begani. "Umechelewa, mura. Lakini hiyo ndiyo samahani yenyewe, nimeipokea."

Gari likasimama, kondakta akaanza kupiga kelele. Nilirusha begi langu ndani, mguu mmoja ukiwa umeshapanda, mama akanishika shati.

"Na ile nyingine?"

"Ipi, mama?"

"Binti yangu yuko Kenya, yule wa Lesotho kaenda, na wewe unakwenda. Nabaki na vyumba vitupu. Mtu kama mimi anaambiwaje?"

Nilishusha mguu. Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili, kama nilivyoona kwa yule kijana.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa," alisema. "Panda gari."